Mkia Uliofika Kimbo

Wanawake wa Kimbo wakija kuona mtoto, hawaji kuona mtoto. Mtoto wanamtupia jicho moja, wanasema amefanana na babake hata kama baba mwenyewe hawajawahi kumwona, kisha macho yanaanza kazi yaliyoijia: pazia limefuliwa lini, sufuria zimepangwa au zimerundikwa, na chini ya kitanda kumefichwa nini. Mwanamisi alilijua hilo. Ndiyo maana Jumapili ile, ingawa bado alikuwa akitembea kama mtu aliyebeba yai katikati ya mapaja, alipangusa kila kilichopangusika katika chumba chao kimoja cha mabati, akatandika shuka la harusi, akamvisha Muna soksi ambazo mtoto alizipiga teke kabla hazijafika kisiginoni.

Kitu kimoja tu hakukipangusa wala hakukificha, kwa sababu kwake hakikuwa cha kutazamwa. Kilikuwa cha kuwepo tu, kama paa. Kilining'inia kwenye msumari juu ya kitanda, upande wa kichwa cha mtoto: mkia wa samaki aitwaye taa.

Ulikuwa umefika Ijumaa. Mamake aliutuma kutoka Gazi kwa basi la usiku, ndani ya ndoo iliyojaa barafu na vumbi la mbao, na Farouk, mumewe, akaichukua ndoo hiyo stendi ya Thika akitoka kazini kwake kwenye kiwanda cha mikate. Ndani mlikuwa na taa wawili wadogo, bapa kama chapati, ngozi ya rangi ya mchanga yenye madoa ya buluu. Ni samaki wa maji ya magotini huyo. Hujifukia mchangani akabaki macho tu, hana habari na mtu, mpaka mtu amkanyage. Hapo ndipo mkia huruka na mwiba wake wenye meno kama msumeno, na mwiba una sumu. Watu wa Gazi wakiingia majini hawanyanyui miguu. Huiburuta, ili taa asikie wageni wanakuja, aondoke kwa heshima zake. Mwanamisi aliiburuta yake hata Kimbo, kwenye barabara ya lami, na majirani walimcheka kwamba mama Muna anatembea kama viatu vyake vimekopwa.

Samaki wenyewe waliliwa siku ile ile, kwa nazi, Farouk akilamba mchuzi hadi viwikoni. Mkia wa mmoja ndio uliobaki; wa pili mamake alikuwa ameukata na kuutupa hukohuko. Kwao Mwanamisi kila mtoto hulala chini ya mkia wa taa mpaka arobaini iishe, na jini akiuona hapigi hodi mara ya pili. Lakini mamake, zamani, aliukausha mkia juani kwanza na kuung'oa mwiba kabla ya kuutundika. Safari hii alikuwa na haraka ya mjukuu. Aliutuma mbichi, mwiba umefungwa kwa uzi mwekundu. Mwanamisi akaufungua uzi ili mkia ukauke vizuri. Hilo lilikuwa kosa lake, na atalikumbuka.

"Hodi hapa!"

Aliyebisha alikuwa Waruguru, mwenye ploti ile ya nyumba za kupanga, ambaye watu wote walimwita Mama Githae kwa jina la mwanawe mkubwa. Alikuwa mwenyekiti wa kina mama wa kanisa, mwanamke mpana aliyevaa kitambaa cha kichwa kama mtu anayevaa taji. Nyuma yake walikuja kina mama watano na vikapu: unga wa uji, sukari, maharagwe meusi ya njahi, sabuni ya kipande. Farouk, aliyekuwa ameketi nje kwenye mtungi wa plastiki uliopinduliwa, aliinuka akatabasamu kwa meno yake yote, kisha akaketi tena. Mambo ya ndani hayakuwa yake.

"Kaĩ! Haka kasichana kana nywele kama ka-Somali," alisema Waruguru akikaa kitandani, na kitanda kikalalamika. "Kanaitwa nani?"

"Muna."

"Muna. Hilo ni jina?"

"Ni jina letu."

"Haya, kama ni jina ni jina. Mungu atakajua tu."

Wakacheka. Mtoto akapita mkono hadi mkono, akafananishwa na babake, akasifiwa mapaja. Mwanamisi akaanza kupumua. Halafu mmoja wao, mwembamba, ambaye shingo yake haikuwahi kutulia tangu aingie, akainua macho juu ya kitanda.

"Mama Githae. Hiyo ni nini?"

"Gani?"

"Hiyo ndefu. Iko na meno."

Waruguru aligeuza kichwa polepole. Kitu kilikuwa umbali wa mkono kutoka kwenye taji lake.

"Ah, huo!" Mwanamisi alicheka. "Huo ni mkia tu wa samaki. Mamangu kamletea mjukuu, usiku asije akasumbuliwa na mashetani."

Sasa, mwaka huo katika wilaya ya Thika shetani alikuwa ameajiriwa kazi nyingi. Yeye ndiye aliyekuwa akiangusha magari kwenye barabara kuu. Yeye ndiye aliyepoteza watoto wa shule. Yeye ndiye aliyewanunulia watu pikapu mpya ambazo majirani zao walishindwa kuzielewa. Hata serikali ilikuwa imeunda tume kumtafuta. Kumbe alikuwa hapa, kwenye msumari, nyumba ya tatu kutoka kwenye mfereji wa maji ya bomba.

"Samaki gani ako na mkia kama nyoka?" aliuliza yule mwembamba.

"Lakini si nyinyi wenyewe mwaniambia kila siku samaki ni nyoka wa majini?" alisema Mwanamisi. Alikuwa anatania. Miaka miwili alikuwa akiwauzia samaki wa kukaanga langoni, na utani huo ndio uliowafanya waonje, mmoja mmoja, kwa kuibia. Leo haukumchekesha mtu.

"Mtoto mshike," Waruguru alisema, akimrudisha Muna kwa mikono iliyonyooka, kama mtu anayerudisha sufuria ya moto. "Twendeni."

"Mama Githae, chai iko tayari…"

"Chai tumekunywa kanisani."

Walitoka kwa mlango mmoja wote sita kwa mpigo, jambo ambalo mlango ule haukuwa umejengewa. Mmoja alirudi. Mwanamisi akadhani karudi kuomba radhi. Alikuwa amerudi kuchukua sukari yake.

Uani, Waruguru alisimama mbele ya Farouk. Hakupaza sauti. Watu wote wa ploti walikuwa nje, na hakuhitaji.

"Baba Muna, mwisho wa mwezi hii nyumba naitaka."

"Mama, kwani tumekosa nini? Kodi si nalipa kabla ya tarehe?"

"Sijasema kodi. Mimi ni mtu wa kanisa. Nikiulizwa kitu kama hiyo inafanya nini kwa ploti yangu nitasema nini? Na itoke leo. Githae atakuja kuitoa."

"Sawa, mama," alisema Farouk. "Sawa, sawa."

Mwanamisi aliyasikia yale maneno matatu kutoka ndani, na kila moja likamwingia peke yake.

* * *

Githae alikuja na gunia, na nyuma ya gunia kulikuwa na watu. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini aliyevaa koti la ngozi hata jua likiwaka, na kazi yake aliyoifanya kwa bidii ilikuwa kuwa mtoto wa mwenye ploti. Hakuwa mbaya. Alikuwa tu hajawahi kupata kitu cha kuogopa, na leo alikipata mbele ya wasichana wa ploti mbili.

Uani, Idah alikuwa amebandika sufuria kubwa kwenye jiko la makaa, akipepea makaa kwa kifuniko. Idah alikuwa jirani wa mlango wa pili, Mkikuyu wa Murang'a aliyefundishwa na Mwanamisi mwenyewe jinsi ya kumkanda mzazi kwa maji ya moto na kitambaa, kwa sababu Mwanamisi hakuwa na mama wala shangazi karibu wa kumfanyia. Kila jioni alimkanda, na kila jioni alisema, "Nyinyi watu wa pwani mnapikana kama viazi."

"Wacha nikutolee mwenyewe, Githae," Mwanamisi alisema mlangoni. "Una mwiba. Usiushike kati."

"Wewe kaa mbali na mimi."

"Kakangu, nakwambia una sumu."

"Mmesikia?" Githae aliwageukia watu. "Mmesikia mwenyewe akisema? Eti iko na sumu!"

Aliingia, akaushika mkia katikati, kwa nguvu, kama mtu anayemkaba nyoka koo, akauvuta. Msumari ulikataa. Mkia ukazunguka mkononi mwake.

"Aa!" alisema. Akautupa ndani ya gunia, akatoka nje akiwa anacheka, ananyonya damu chini ya kidole gumba. "Kumbe ni kitu kadogo. Kamenidunga kama sindano."

Wasichana wakacheka naye. Alifika katikati ya ua. Pale akasimama, akautazama mkono kana kwamba umemwita kwa jina. Jasho likamtoka puani. Gunia likaanguka.

Mwanamisi aliijua sura ile. Mjomba wake, mwanamume aliyezika wake wawili bila kudondosha chozi, aliwahi kumkanyaga taa mdogo asiyezidi sahani, na akalia akimwita mamake aliyekuwa amekufa kabla ya vita vya Wazungu.

"Uuu-i!" alipiga kelele Githae. "Inapanda! Ngai, inapanda kwa mkono!"

Alianguka chini na koti lake la ngozi. Waruguru alikuja mbio kutoka nyumba ya mbele, kilemba kimemtoka, nywele nyeupe zikionekana kwa mara ya kwanza katika historia ya ploti ile. "Ni nini amemfanyia? Ni nini huyu mwanamke amefanyia mtoto wangu?" Mtu mmoja akatumwa kwa Kaleli, fundi wa magari aliyekuwa na pikapu, akarudi kusema Kaleli ameenda Juja, anarudi sasa hivi, na sasa hivi ya Kaleli ilijulikana. Nyuma kabisa, karibu na lango, sauti ya mwanamume ambayo haikutaka kujulikana ikasema, "Watu kama hao ni kiberiti tu."

Farouk alikuwa amesimama mbele ya mlango wake. Miguu yake ilitetemeka lakini haikuondoka. Hilo Mwanamisi pia atalikumbuka.

"Idah," alisema Mwanamisi, "yale maji yangu. Yalete."

"Yamechemka sana."

"Tia baridi kidogo. Kidogo tu."

Alivuka ua akiburuta miguu, kanga kiunoni, na watu wakampisha, si kwa heshima. Akaingiza kiwiko chake ndani ya sufuria, akakitoa chekundu, akaongeza kikombe kimoja cha maji ya mfereji, akaingiza tena.

"Usimguse!" Waruguru alijitupa katikati. "Usimguse na maji yenu!"

"Mama Githae, sumu ya huyu samaki huvunjwa na moto. Sina dawa nyingine, na hii si yangu, kila mtoto wa Gazi aijua. Itamuuma. Nisipomuunguza kidogo ataumia mpaka asubuhi."

"Na akikufia mikononi?"

Mwanamisi alikitoa kiwiko majini. Aliitazama ile sauti ya langoni, ambayo sasa ilikuwa imenyamaza ikingoja. Akifa, hakutakuwa na notisi wala mwisho wa mwezi. Akatazama mlango wake, na nyuma ya mlango Muna akaanza kulia.

Aliyekata shauri ni Githae mwenyewe, kutoka chini. "Mama, toka! Wacha anipike! Wacha anipike yote!"

Mkono ukaingia. Githae alipiga ukelele uliowaamsha mbwa wa ploti ya jirani, kisha akaanza kupiga wa pili, akauachia katikati.

"Usiutoe," alisema Mwanamisi.

"Sitoi."

"Yakipoa sema."

"Yanapoa. Ongeza. Idah, ongeza, nakuomba dada yangu."

Jana alikuwa akimwita Idah "wewe". Mwanamisi alikaa kwenye kigoda, amemshika kifundo cha mkono ili asiyamwage maji. Ndani Muna alilia. Farouk hakuthubutu kuwapa mgongo wale watu, na hakuna mwingine aliyetaka kuuvuka mlango wa chumba kile. Maziwa yakamtoka Mwanamisi, yakaloanisha gauni mbele ya umati, madoa mawili yakipanuka, na hakuwa na mkono wa kujifunika. Wanaume wakatazama pembeni. Wanawake hawakutazama pembeni.

Waruguru alikwenda hadi mlangoni, Farouk akampisha. Mguu mmoja aliuweka ndani. Alisimama hivyo, nusu mwenye nyumba, nusu mgeni, akimsikiliza mtoto anayelia, na ule mguu wa pili ukakataa. Mwishowe Idah alimpita, akamtoa Muna, akamweka mamake kifuani, na Mwanamisi akanyonyesha kwa mkono mmoja na kumshika Githae kwa mwingine, mpaka pikapu ya Kaleli ilipoingia ikitoa moshi.

Daktari wa kliniki ya mjini Ruiru alitoa kipande cha mwiba, akachoma sindano, akauliza ni nani aliyewaambia habari ya maji ya moto, akasema ni vizuri, waendelee nayo nyumbani. Githae alirudi kabla ya giza, mkono umefungwa kama mkate.

Ungedhani yamekwisha. Lakini Kimbo ilikaa ikalifikiria jambo hilo, na ikagawanyika. Nusu ilisema mama Muna ni mganga mzuri. Nusu nyingine ilisema, na wewe usibishe kabla hujawaza: aliyefunga ndiye ajuaye kufungua.

Notisi ikabaki palepale.

* * *

Wiki ile hakuna aliyemtukana. Matusi yana heshima yake. Mtu akikutukana amekuona. Mwanamisi alienda mferejini, wanawake wakakumbuka kitu nyumbani. Alianika nepi kwenye kamba, akarudi akakuta nguo za wenzake zimesogezwa upande mmoja, zimebanana kama watu wanaoikimbia mvua, na nepi zake zina kamba nzima. Idah bado alikuja kumkanda, lakini sasa alipitia nyuma, kando ya choo, na hakuleta mzaha wa viazi.

"Mume wangu anasema niache," aliungama. "Nimemwambia nitaacha."

"Na utaacha?"

"Si nimekuja?"

Farouk ndiye aliyeaibika zaidi, kwa sababu alikuwa amejaribu kwa miaka mingi kuwa mtu asiyetajwa. Alisalimia kila mtu kwanza. Alichangia mazishi ya watu asiowajua. Jumamosi alirudi kutoka kazini na mikate mitatu ya bure, akampelekea Waruguru mmoja, na mkate ukaletwa na mtoto wa jirani baada ya saa moja, umefungwa vilevile.

Jioni hiyo alilitoa chini ya kitanda lile gunia la mkia, aliloliokota uani siku ile kwa kuwa hakuna mwingine aliyetaka kuligusa, akalipeleka katikati ya ua, akamimina makaa ya jikoni juu ya bati.

"Unafanya nini?" aliuliza Mwanamisi.

"Majirani!" Farouk aliita. Sauti yake ilikuwa na uchangamfu wa mtu anayeuza kitu kibovu. "Majirani, hebu tokeni muone! Ile kitu inaisha leo."

Walitoka. Waruguru alisimama kwenye kibaraza chake, mikono kifuani. Farouk akauinua mkia kwa koleo, juu, kila mtu auone, akaulaza kwenye moto. Ulijikunja kwanza kama kitu kinachoamka, ukawarudisha watu wote hatua nyuma, kisha ukawaka. Harufu ikatoka, ya nywele zilizoungua na ya bahari, na Mwanamisi akamfunika Muna uso kwa kanga.

"Vizuri," alisema Waruguru, akaingia ndani. Hakuongeza neno. Mtu akishakuona umepiga magoti, hana haraka ya kukuinua.

Walipobaki wawili, Farouk alinawa mikono muda mrefu.

"Mamangu ana magoti mabovu," Mwanamisi alisema. "Wajua aliupataje? Aliingia mwenyewe. Maji yakitoka, ashika mti wa kujikongojea, aburuta miguu mchangani, yule mzee. Hawezi kununua, hana cha kununulia. Kaingia mwenyewe kwa ajili ya huyu."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingeita watu."

"Mwanamisi." Alikaa chini, mgongo kwenye bati. "Wewe ukifukuzwa hapa una Gazi. Una mama, una mnazi, una mtu wa kukuita kwa jina la babako. Mimi nimezaliwa Majengo pale Thika. Babu alitoka Kongo, au Tabora, kila mzee wetu ana yake. Wa pwani wananiita wa bara, wa bara wananiita Mswahili. Mimi sina nyuma. Hii Kimbo unayoiona na vumbi lake, hapa ndipo nyuma yangu. Ndiyo nimeuchoma. Ningechoma na kitanda."

Mwanamisi alikuwa amejiandaa kukasirika usiku kucha. Sasa akakosa pa kuiweka hasira. Akaitazama miguu ya mumewe, ambayo siku ile mlangoni ilitetemeka na haikuondoka, na akawaza kwamba kuna watu hawajawahi kuiona bahari ila wanaburuta miguu kuliko wavuvi, maisha yao yote, wasije wakakanyaga mtu.

"Kula," alisema mwishowe. "Ugali unapoa."

* * *

Waruguru alikuja Jumatano, peke yake, na bakuli la njahi zilizopondwa, chakula cha mzazi. Alibisha hodi mara mbili. Alivuka mlango kwa miguu yote miwili, akakaa ukingoni mwa kitanda, na macho yakaenda moja kwa moja kwenye msumari mtupu.

"Mkono wa Githae umepona," alisema. "Ameanza kusumbua tena."

"Alhamdulillahi."

"Amesema nikusalimie. Kusema ukweli amesema nikuambie asante, lakini wewe unamjua."

"Namjua."

Muna alipiga chafya. Waruguru alimchukua, akamlaza pajani, akampapasa mgongo kwa mkono uliolea watoto saba.

"Huyu halii usiku," alisema.

"Halii sana."

"Ninasikia kutoka kwangu. Halii. Kwangu kuna wa binti yangu, yule anakaa Kahawa Sukari. Ameniletea kamtoto, na hako katoto kuanzia giza iingie ni kulia, kulia, mpaka jogoo. Tumeombea. Pasta amekuja mara mbili. Tumepeleka hospitali, wanasema ni tumbo." Alisogea karibu, akashusha sauti, ingawa walikuwa wawili tu na mtoto. "Mimi siamini hivyo vitu, mama Muna. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Mimi nauliza tu. Kama mtu angetaka. Ile kitu, si ilichomwa yote? Hata kipande?"

Mwanamisi alihisi kicheko kikija kutoka mbali sana, chini ya mshono wa kujifungua, akakibana kwa sababu kingemuumiza. Nyuma ya kicheko kulikuwa na kitu kingine. Alimwona mamake na mti wake kwenye maji ya magotini, amevuta kanga, anaburuta.

"Yote, Mama Githae. Ulikuwa umesimama kibarazani."

"Nilikuwa."

"Lakini mamangu yuko. Naweza kumpelekea salamu kwa basi. Swali ni moja tu: mkia ukifika utanikuta wapi? Maana mwisho wa mwezi ni wiki ijayo."

"Mwisho wa mwezi kuna nini?"

"Notisi."

"Notisi gani?"

"Ile uliyompa mume wangu."

"Ah, ile." Waruguru alipunga mkono kama anayefukuza nzi. "Ile ilikuwa hasira. Nani anafukuza mtu na mtoto mchanga? Kaeni."

Farouk angesema sawa, sawa, sawa. Mwanamisi alimchukua mtoto wake, akamweka begani.

"Ulisema uani, watu wote wakisikia," alisema taratibu. "Mimi ni mdogo kwako, mama, siwezi kukufundisha kazi. Lakini neno lililotoka uani halirudi kwa kunong'ona kitandani. Mlikuja sita kuona mtoto, mkaondoka hamjamwona. Jumapili ni hii inakuja. Chai yangu bado ipo."

Waruguru alimtazama. Ilikuwa ni miaka mingi tangu mpangaji amwambie la kufanya, na aliyewahi kufanya hivyo alikuwa anaishi Juja sasa. Uso ulikunjamana, ukafikiria kukasirika, kisha kutoka nyumba ya mbele, ingawa jua lilikuwa bado juu, sauti nyembamba ya kitoto ikaanza kulia.

"Wewe msichana ni mkali," alisema akiinuka. "Na unatembea pole pole hivyo, mtu hawezi kujua."

* * *

Jumapili walikuja sita, na wawili zaidi waliosikia. Waruguru alisimama uani kwanza, kilemba mahali pake, akasema kwa sauti iliyofika mferejini kwamba baba Muna ni mpangaji wake mpaka yeye mwenyewe achoke, na mwenye la kusema aje aliseme kwake. Farouk, mtungini, alifungua mdomo aseme sawa. Mkewe akamkoholea. Akaufunga.

Wakaingia. Muna akapita mkono hadi mkono, akafananishwa tena na babake. Yule aliyerudia sukari alileta kilo mbili, akaziweka mezani bila kumtazama mtu. Chai ikanywewa, Idah akiimimina mbele ya watu wote, akisema kwa sauti kwamba watu wa pwani huweka tangawizi kama wanataka kuua. Lakini mazungumzo yalikuwa yakikatikakatika, na vichwa, kimoja baada ya kingine, vilikuwa vikiinuka juu ya kitanda na kushuka.

"Kwa hivyo haiko," alisema yule mwembamba mwishowe. Ungemsikia ungedhani kafiwa.

"Ilichomwa," alisema Waruguru kwa ukali. "Mambo ya giza. Tusiongee hiyo."

Wakaondoka kwa utaratibu, mmoja mmoja. Waruguru alibaki nyuma akijifanya anatafuta kiatu alichokuwa amekivaa. Mlangoni aliinama kana kwamba anambusu mtoto, mdomo ukafika kwenye sikio la mama.

"Ulimtumia salamu?"

"Kwa basi la Ijumaa."

"Ulisema ngapi?"

"Mmoja."

Waruguru alichungulia nje kulia na kushoto. Kwenye mpaka wa ploti, ng'ambo ya waya, mzee Zacharia, jirani aliyekuwa akimgombania mpaka huo miaka yote, alikuwa akichimbia tena nguzo yake mpya, na kama ilivyokuwa kila Jumapili, nguzo ilikuwa imesogea hatua moja upande huu.

"Atume miwili," alinong'ona. "Wa mtoto atoe mwiba. Huo mwingine auache vile uko."